Somo la Malezi: Kumbeba Mtoto Mgongoni kwa Onbuhimo, Mbeleko ya Kijapani

Mtoto wa mwaka mmoja na nusu ana tabia inayojulikana na kila mzazi: akiwekwa chini analilia kubebwa, na akibebwa anataka kushuka. Ni mzito kuliko alivyokuwa mchanga, ana nguvu za kujirusha nyuma, na bado hawezi kutembea kutoka nyumbani hadi zahanati bila kuchoka njiani. Leso iliyomtosha akiwa na miezi minane sasa inalegea kila baada ya hatua chache. Mama hulazimika kusimama kando ya barabara, kutua mzigo, kuinama na kumfunga upya, huku magari na pikipiki zikimpita.

Huko Japani kuna mbeleko iliyokusudiwa watoto wa umri huu. Inaitwa onbuhimo. Wakaazi wengine wameanza kuiona kwenye simu zao au kwa jamaa walio ng'ambo, na fundi yeyote mzuri wa cherehani anaweza kuishona. Somo hili linaeleza kifaa hicho ni nini, kinavyovaliwa hatua kwa hatua, na makosa yanayoweza kumuumiza mtoto. Mengi ya maelezo haya yanamfaa pia mzazi anayeendelea kutumia leso yake.

ONBUHIMO NI NINI?

Jina lenyewe ni maneno mawili ya Kijapani. "Onbu" ni kumbeba mtu mgongoni, na "himo" ni kamba au ukanda. Kwa hivyo onbuhimo ni ukanda wa kubebea mgongoni.

Ina sehemu tatu tu:

Kwanza ni kitambaa kikuu, kipande cha mraba au cha mstatili kinachomshika mtoto kuanzia makalioni hadi kwapani.

Pili ni mikanda miwili mirefu iliyoshonewa kwenye pembe za juu za kitambaa hicho. Hii hupita juu ya mabega ya mbebaji.

Tatu ni pete mbili, moja kila pembe ya chini. Mikanda ikitoka mabegani hupita chini ya makwapa, huingizwa kwenye pete hizo, kisha hurudi mbele na kufungwa. Aina nyingine huwa na vitanzi vya kitambaa badala ya pete.

Jambo la kuzingatia ni kwamba onbuhimo haina mshipi wa kiunoni. Uzito wote wa mtoto hushikwa na mabega. Kwa sababu hiyo mtoto hukaa juu, kichwa chake kikiwa karibu na bega la mzazi. Anaona mbele, anafuata mazungumzo na anaona mikono ya mzazi ikifanya kazi. Wahenga walisema mwana hutazama kisogo cha nina. Katika onbuhimo, mwana hupata nafasi ya kutazama pia kile anachokitazama nina.

Siku hizi kuna aina mpya ambazo mikanda yake ni mifupi, ina pamba ndani na bakoli za kukaza kama za mkoba wa shule. Kanuni ni ile ile: hakuna mshipi wa kiuno, mtoto yuko juu, mzigo uko mabegani.

ILIKOTOKA, NA FUNZO LAKE

Kubeba watoto mgongoni ni desturi ya zamani Japani. Picha zilizochapwa kwa mbao katika enzi ya Edo, iliyomalizika mwaka 1868, zinaonyesha akina mama na wasichana wakiwa na watoto migongoni. Wakati wa baridi, mbebaji alivaa juu yake koti pana lililojazwa pamba, liitwalo nenneko, likamfunika yeye na mtoto pamoja. Mikono ilibaki huru kwa kazi ya shamba, ya jikoni na ya dukani.

Mara nyingi aliyebeba hakuwa mama. Familia maskini zilipeleka mabinti zao wadogo kuwa yaya katika nyumba za watu, na mabinti hao waliitwa komori. Msichana ambaye yeye mwenyewe alikuwa bado mtoto alishinda na mtoto wa mwingine mgongoni kutwa nzima. Katika enzi ya Meiji, kati ya mwaka 1868 na 1912, serikali ya Japani ilipoanza kuwataka watoto wote waende shule, wasichana hawa walikuwa miongoni mwa walioachwa nje. Baadhi ya maeneo yalilazimika kuanzisha shule maalumu za komori, ambako mwanafunzi aliruhusiwa kuingia darasani na mtoto mgongoni. Tamthilia ya televisheni ya Japani iitwayo Oshin, iliyoonyeshwa kuanzia mwaka 1983 na kutazamwa katika nchi nyingi, inamhusu msichana wa namna hiyo aliyetolewa kwao akiwa mdogo kwenda kufanya kazi.

Historia hii ina funzo litakalorejelewa baadaye katika somo: mbeleko nzuri haitoshi, ni lazima kuuliza pia nani anayebeba, na kwa muda gani.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, vigari vya watoto na mbeleko za kubebea kifuani vilienea Japani. Baadhi ya akina mama waliona haya kuvaa mikanda iliyopishana kifuani kama alama ya X. Hata hivyo onbuhimo haikutoweka. Wazazi wa leo wanaipenda kwa sababu zile zile za bibi zao: inakunjika ikaingia mkobani, haibani tumbo, na inaacha mikono huru.

LESO NA ONBUHIMO

Hakuna sababu ya mkaazi yeyote kuitupa leso. Usitupe mbachao kwa msala upitao. Leso ni nafuu, hukauka haraka, na ina kazi kumi nyumbani. Ikifungwa vizuri humweka mtoto katika mkao mzuri, miguu ikikumbatia kiuno cha mama.

Mkao huo una faida inayotambuliwa na madaktari wa mifupa. Kichwa cha mfupa wa paja hukaa ndani ya kikombe cha nyonga, na kwa mtoto mdogo kikombe hicho bado ni laini. Miguu ikiwa imepanuka na magoti yamepanda kidogo kuliko makalio, kama mkao wa chura, mfupa hukaa mahali pake. Miguu ikinyooshwa na kubanwa pamoja, mfupa unaweza kuteguka. Japani ililijua hili kwa uchungu: katika miaka ya 1970 iliendesha kampeni ya kitaifa kuwataka wazazi waache kunyoosha na kubana miguu ya watoto wachanga, na visa vya nyonga kuteguka vikapungua sana. Mwaka 2015 madaktari waliofanya kazi Malawi waliandika kwamba tatizo hilo ni nadra huko, na wakahusisha hali hiyo na desturi ya kubeba watoto mgongoni.

Tofauti kati ya leso na onbuhimo hujitokeza mtoto anapokuwa mzito. Leso hutegemea fundo moja au mbili kifuani, na mtoto anaporuka-ruka kitambaa huteleza. Onbuhimo hukazwa kwa mikanda inayopita mabegani na kurudi chini ya makalio ya mtoto, kwa hivyo hailegei kwa urahisi. Upande wa pili, leso husambaza uzito kifuani na mgongoni, ilhali onbuhimo huuweka wote mabegani. Mwenye maumivu ya shingo au mabega huenda akaona leso inamfaa zaidi.

NANI ABEBWE, NANI ASUBIRI

Onbuhimo ni ya mtoto anayeweza kukaa mwenyewe bila kuegemezwa. Kwa watoto wengi hatua hiyo hufikiwa wakiwa na umri wa karibu miezi sita au zaidi. Mtoto ambaye shingo na mgongo havijakaza asiwekwe humo hata kidogo, kwa sababu kichwa kinaweza kuangukia kifuani na kuziba njia ya hewa bila mzazi kuona.

Inafaa zaidi kati ya umri wa mwaka mmoja na miaka mitatu. Mtoto wa mwaka mmoja huwa na uzito wa karibu kilo 9, na wa miaka miwili karibu kilo 12. Mzazi anaweza kuangalia uzito wa mwisho uliopimwa katika kijitabu cha mama na mtoto kinachotolewa kliniki. Kijitabu cha namna hiyo kina uhusiano na Japani pia: nchi hiyo ilianza kutoa kitabu kimoja cha afya ya mama na mtoto mwaka 1948, na mfumo huo umeigwa na nchi nyingi.

Watu wafuatao wazungumze kwanza na muuguzi au daktari:

- Mama aliyejifungua karibuni, hasa kwa upasuaji.
- Mjamzito. Onbuhimo haibani tumbo, lakini uzito wa mtoto mabegani huongeza mzigo kwa mgongo ambao tayari umeelemewa.
- Mwenye maradhi ya mgongo, shingo au mabega.
- Mzazi wa mtoto aliyewahi kutibiwa nyonga, au mwenye ulemavu wa misuli au tatizo la kupumua.

Mtoto mwenye homa kali asibebwe mgongoni kwa muda mrefu. Joto la mwili wa mzazi humwongezea joto. Huyo apelekwe kituo cha afya.

KUCHAGUA AU KUSHONESHA

Anayeagiza kwa fundi azingatie mambo manne.

Kitambaa. Kiwe cha pamba iliyofumwa kwa nguvu, kama khaki au jinzi isiyo nene mno. Kitambaa kinachonyumbulika kama cha fulana hakifai, na cha nailoni humfanya mtoto atokwe na jasho. Katika maeneo ya joto ni heri tabaka moja imara kuliko tabaka tatu.

Kipimo. Mtoto ndiye kipimo. Akiwa ameketi miguu imepanuka, kitambaa kifike kutoka nyuma ya goti moja hadi nyuma ya goti la pili, na kutoka chini ya makalio hadi kwapani. Kikiwa chembamba, miguu inaning'inia. Kikiwa kipana kupita magoti, kinakata nyuma ya miguu na kuzuia damu. Kwa aina ya kufunga fundo, kila mkanda uwe na urefu wa mita mbili au zaidi kulingana na mwili wa mbebaji, na upana wa kutosha ili usikate bega.

Pete. Ziwe za chuma imara zisizo na mwanya. Pete za funguo, za pazia au za plastiki hafifu hufunguka zikivutwa.

Mshono. Mahali mkanda unapoungana na kitambaa, na mahali pete inaposhikwa, pashonwe kwa mraba wenye msalaba ndani, zaidi ya mara moja, kwa uzi mnene.

Kabla ya kumweka mtoto, mbeleko ijaribiwe. Weka ndani yake pakiti za unga za kilo 2 mpaka mzigo uwe karibu mara mbili ya uzito wa mtoto, uinue kwa mikanda, uutikise, kisha ukague mishono yote kwa macho na vidole. Uzi uliolegea ukionekana, irudishwe kwa fundi. Ukaguzi huo urudiwe kila baada ya kufua.

KUVAA, HATUA KWA HATUA

Mara za kwanza pawepo mtu mzima mwingine wa kusaidia, na zoezi lifanyike kitandani. Ni vizuri kuanza na mto au mfuko wa unga mpaka mikono izoee njia ya mikanda.

Kabla ya kuanza, badilisha nepi ya mtoto, vua mikufu na hereni kubwa, funga nywele ndefu, na vaa viatu visivyoteleza.

1. Tandika onbuhimo kitandani. Upande wenye pete uwe karibu na ukingo wa kitanda, na upande wenye mikanda uwe mbali.

2. Mkalishe mtoto juu ya sehemu ya chini ya kitambaa, akitazama ukingo wa kitanda, miguu ikiwa imepanuka. Msaidizi amshike.

3. Mzazi aketi ukingoni akimpa mtoto mgongo, asogee nyuma mpaka kifua cha mtoto kiguse mgongo wake. Miguu ya mtoto iwe pande mbili za kiuno cha mzazi.

4. Chukua mikanda yote miwili, ipitishe juu ya mabega. Kitambaa kitapanda na kumfunika mtoto mgongo hadi kwapani. Kuanzia hapa mikanda isiachiliwe, angalau mkono mmoja uishike wakati wote.

5. Pishanisha mikanda kifuani, kisha kila mmoja uupitishe chini ya kwapa na kuuingiza kwenye pete ya upande huo. Mkanda uliotoka bega la kulia utaingia pete ya kushoto, na wa kushoto pete ya kulia. Asiyependa kupishanisha anaweza kuishusha moja kwa moja, kila mkanda kwa pete ya upande wake.

6. Inama mbele kidogo na uvute mkanda mmoja baada ya mwingine. Mtoto atapanda. Endelea mpaka kidevu chake kiwe karibu kulingana na bega. Msaidizi avute ukingo wa chini wa kitambaa uwe umepita chini ya makalio na kufika goti hadi goti.

7. Rudisha ncha za mikanda mbele na uzifunge kwa fundo mara mbili. Zisiachwe zikining'inia hadi miguuni.

8. Simama polepole, mkono mmoja ukiwa nyuma chini ya makalio ya mtoto. Tembea ndani ya chumba dakika chache, kisha kaza tena. Kitambaa hutulia baada ya hatua za mwanzo, na hapo ndipo kulegea hujitokeza.

Kumshusha ni kurudi njia ile ile: keti kitandani, msaidizi amshike mtoto, ndipo fundo lifunguliwe. Kamwe usifungue fundo ukiwa umesimama na hakuna aliyemshika mtoto.

Kwa aina ya bakoli, hatua ni zile zile, isipokuwa mikanda huvaliwa kama ya mkoba na kukazwa kwa kuvuta ncha zake.

UKAGUZI WA MAMBO MATANO

Kila baada ya kufunga, na tena kila baada ya muda mfupi njiani, mbebaji ajikague mambo haya. Palipo na kioo au dirisha la duka, atazame. Kama hakuna, amwombe mwenzake amwangalie.

USO: Pua na mdomo viko wazi, havijafunikwa na nguo, koti wala mgongo wa mzazi.

KIDEVU: Hakijagusa kifua cha mtoto. Pana nafasi ya kidole kimoja au viwili.

MAGOTI: Yako juu kidogo kuliko makalio, na kitambaa kimefika nyuma ya magoti.

MGONGO: Kitambaa kimefika kwapani na kimemkaza mtoto karibu na mwili. Mzazi akiinama, mtoto haachani naye.

FUNDO: Limekaza na halijahama.

Mtoto akilala, kichwa chake kigeuzwe upande na kulala juu ya mgongo wa mzazi. Kikianza kuanguka nyuma au pembeni, ni wakati wa kumshusha na kumlaza mahali salama.

HATARI ZA KUEPUKA

Moto. Jikoni ndipo wengi hutaka mikono huru, na ndipo ajali huwa mbaya zaidi. Mtoto aliye juu anaweza kunyoosha mkono juu ya bega na kushika sufuria, na mzazi anapogeuka mguu wa mtoto unaweza kugusa jiko. Kukata mboga, kuosha vyombo na kupepeta mchele ni kazi zinazofaa. Kupika juu ya makaa, kuni, stovu au gesi, kukaanga kwa mafuta na kumimina uji wa moto zisifanywe na mtoto mgongoni.

Kuinama. Mbebaji apige magoti au achuchumae, mgongo ukiwa wima. Akiinama kutoka kiunoni, mtoto anaweza kuteleza kupitia juu ya kichwa chake.

Milango mifupi. Mtoto katika onbuhimo yuko juu kuliko katika leso. Mzazi aliyezoea kupita chini ya mlango au mwamba wa kibanda anaweza kumgonga mtoto kichwa.

Mikono ya mtoto. Hufika mbali kuliko inavyodhaniwa. Sokoni na dukani, anaweza kuchukua kitu kidogo na kukiweka mdomoni bila mzazi kujua. Mbebaji ageuke kutazama mara kwa mara.

Usafiri. Mbeleko ya aina yoyote haichukui nafasi ya kiti cha mtoto au mshipi wa gari. Pikipiki ikianguka, mtoto aliye mgongoni ndiye anayegonga lami kwanza. Kumbeba mtoto mgongoni kwenye bodaboda au baiskeli ni kuhatarisha maisha yake.

Kazi za hatari. Kunyunyizia dawa ya shamba, kupasua kuni, kufyeka kwa panga na kupanda ngazi zifanywe mtoto akiwa na mtu mwingine.

Joto. Kitambaa cha mbeleko huhesabiwa kama nguo moja. Mtoto avae nguo nyepesi na kofia, anyweshwe maji, na mzazi aguse shingo yake kila mara. Ikiwa ina jasho jingi na moto, ashushwe kivulini. Katika maeneo ya baridi, koti livaliwe juu ya wote wawili, kama Wajapani walivyofanya na nenneko, bila kufunika kichwa cha mtoto.

SAA MOJA, KISHA ASHUKE

Mbeleko ni chombo cha safari na cha kazi fupi. Haikukusudiwa kuwa makao ya mtoto. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa mwongozo mwaka 2019 kuhusu watoto wa chini ya miaka mitano. Linashauri mtoto asifungwe mahali pamoja kwa zaidi ya saa moja kwa mfululizo, iwe ni kwenye kigari, kiti au mgongoni mwa mlezi. Mwongozo huo huo unasema mtoto wa umri wa mwaka mmoja hadi miwili anahitaji angalau dakika 180 za kucheza na kutembeatembea kwa siku.

Mama muuza mboga anayefunga mtoto alfajiri na kumfungua jioni hafanyi hivyo kwa kupenda. Anahofia barabara, wezi wa watoto na maji ya mtaro. Lakini mtoto hujifunza kutembea kwa kutembea na kuanguka. Wazazi wa soko moja wanaweza kutenga kona yenye mkeka, mbali na barabara, na kupeana zamu ya kuwatazama watoto huku wengine wakiuza. Kila saa mtoto ashuke, ajinyooshe, anywe maji na kucheza kabla ya kubebwa tena.

NANI ABEBE?

Ibara ya 53 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inasema kila mtoto ana haki ya kutunzwa na wazazi, ikiwemo wajibu sawa wa baba na mama, wawe wameoana au hawajaoana. Onbuhimo haina jinsia. Mikanda yake hurefushwa na kufupishwa, na mabega ya baba mara nyingi yana nguvu zaidi. Baba anayempeleka mtoto kliniki akiwa amembeba mgongoni hajapunguza heshima yake. Amempunguzia mke wake mzigo, na amempa mtoto wake nafasi ya kumjua.

Hapa ndipo historia ya komori inapogusa nyumba za leo. Katika familia nyingi, mtoto mdogo hubebwa na dada yake mwenye umri wa miaka minane au tisa. Kumbeba mdogo wake kwa dakika chache wakicheza ni sehemu ya kukua pamoja. Kubaki nyumbani siku ya shule ili ambebe ni jambo jingine. Ibara hiyo hiyo ya 53 inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamtaka mzazi kuhakikisha mtoto anaenda shule.

Pia mwili wa msichana wa darasa la tatu haujawa tayari kwa mzigo wa kilo 10 au 12. Hana nguvu za kujizuia akijikwaa, na wakianguka wanaanguka wawili. Onbuhimo isifungwe kwa mtoto mwingine. Ni kifaa cha mtu mzima.

MASWALI YANAYOULIZWA

Mtoto analia kila anapowekwa. Afanyiwe nini?
Watoto wengi hukataa kitu kipya. Ajaribiwe akiwa ameshiba na amepumzika, kwa dakika tano, na mzazi aanze kutembea mara moja. Asilazimishwe. Akiendelea kulia, kagua kama kitambaa kinamkata mapajani au mkanda unambana.

Mabega yanauma baada ya dakika kumi.
Mara nyingi mtoto amefungwa chini mno au amelegea, na uzito unavuta nyuma. Apandishwe juu na mikanda ikazwe. Mikanda itandazwe bapa juu ya mabega bila kujikunja. Maumivu yakiendelea, arudi kwenye leso au apokezane na mwenzake.

Je, miguu ya mtoto itapinda kwa kubebwa hivi?
Hapana. Miguu ya watoto wengi wadogo huonekana imepinda kidogo wanapoanza kutembea, wawe wamebebwa au la, na kwa kawaida hunyooka wanapokua. Mguu mmoja ukiwa mfupi kuliko mwingine, au mtoto akichechemea, apelekwe kituo cha afya.

Je, anaweza kubebwa kifuani kwa onbuhimo?
Kifaa hiki kimekusudiwa mgongo. Mtoto mzito kifuani humzuia mzazi kuona anapokanyaga.

KWA UFUPI

Mtoto awe anaweza kukaa mwenyewe. Mbeleko ijaribiwe kwa mzigo kabla ya mtoto. Fundo lifungwe na kufunguliwa kitandani. Uso, kidevu, magoti, mgongo na fundo vikaguliwe kila mara. Mtoto awe mbali na moto na bodaboda. Ashuke kila baada ya saa moja. Abebwe na mtu mzima, baba au mama, ili dada yake aende shule.

Mkaazi mwenye swali kuhusu afya au ukuaji wa mtoto wake amwone mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chake, au afike zahanati iliyo karibu akiwa na kijitabu cha mama na mtoto. Aje pia na mbeleko yake, iwe leso au onbuhimo, na amwombe muuguzi amtazame anavyofunga.